Sita Yangu, Nne ya Mama Mdogo

Jumatatu, 6 Mei 2024, Tanga

Kimbunga Hidaya kiliishiwa nguvu juzi Jumamosi kule Mafia, lakini mvua ya huku haijakata. Leo nimefundisha Kidato cha Nne nimekaa. Mkono wa kulia umekataa kupanda juu ya kifua, basi nikamwita mwanafunzi mmoja aandike ubaoni, mimi namtajia hatua. Somo limeeleweka. Hakuna aliyeniuliza lolote na nimewashukuru moyoni.

Panapouma leo: shingo, mabega yote mawili, mgongo wa juu, taya la kushoto, mikono kuanzia viwiko kushuka chini. Miguu mizima. Jana ilikuwa zamu ya miguu, na mabega yalikuwa hayana habari.

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia anasema ni mvua. Mama mdogo naye anaapa kwamba mawingu yakitanda tu juu ya Lushoto, magoti yake yameshajua. Mimi nimekuwa nikiandika hali ya hewa pembeni mwa daftari hili tangu mwaka uanze, na uhusiano siuoni: nimeugua siku za jua kali, nimekuwa na nafuu siku za mafuriko. Uholanzi, watafiti waliwafuatilia wanawake 333 wenye fibromialgia, ugonjwa wangu na wa Mama mdogo, kwa siku 28, wakayapanga maumivu na uchovu wao wa kila siku mbele ya joto, jua, mvua, unyevu na mgandamizo wa hewa. Kwa jumla hawakukuta athari ya maana. Hata hivyo sitamwambia Mama mdogo kwamba magoti yake yanasema uongo. Wastani wa wanawake 333 hauwezi kulisemea goti la mtu mmoja.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeingia kitandani saa tatu, nimeamshwa na adhana, na katikati hapo sikumbuki hata kugeuka. Lakini mwili umeamka kama wa mpagazi aliyeshinda bandarini akipakua magunia ya saruji. Watu wenye afya hapa ndipo wanaponipotea. Wanauliza, “Si umelala?” Nimelala. Usingizi umepita bila kuacha kitu mwilini.

Mwaka 1975, Toronto, Kanada, Harvey Moldofsky na wenzake waliwalaza vijana wenye afya ndani ya maabara, na kila walipozama kwenye usingizi mzito waliwashtua kwa sauti, pasipo kuwaamsha kabisa. Baada ya usiku chache tu za namna hiyo, vijana wakaanza kuumwa misuli na kuchoka mithili ya wagonjwa. Walipoachiwa walale, hali ikarudi kuwa ya kawaida. Naiamini habari hii kwa sababu kwangu usingizi ndio unaotangulia: usiku ukiharibika leo, mabega yanaharibika kesho. Kwa Mama mdogo mambo yanakwenda kinyume. Kwanza mchana unamchosha, miguu inamuuma, ndipo usiku wake unapovurugika. Ugonjwa mmoja, na sisi ni damu moja, lakini hata mpangilio wa mambo haufanani.

Jumapili, 12 Mei

Leo ni siku ya fibromialgia duniani. Iliwekwa tarehe hii kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, yule muuguzi aliyerudi kutoka vita vya Crimea akaishi miaka mingi na ugonjwa wa kumlaza kitandani.

Nimempigia Mama mdogo. Huwa tunatajiana maumivu kwa namba, mwisho kumi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umeamkaje na huo mwili?”

“Leo sita.”

“Haya, pole. Mimi nne.”

Ameisema hiyo nne kwa sauti ya kunifariji. Kumbe yuko kitandani tangu Ijumaa, na binti yake ndiye anayemshika mkono kwenda msalani. Mimi na sita yangu asubuhi hii nimefua, nimebandika wali, nimesahihisha madaftari ya mkondo mzima.

Nikamuuliza kumi kwake ni nini. Hakufikiri hata kidogo. Kumi ni siku mbili alizokaa na uchungu wa mzaliwa wake wa kwanza kabla gari halijapatikana la kumfikisha hospitali. Mimi sijazaa. Kumi yangu ni mkono niliouvunja nikiwa darasa la sita, nikianguka kutoka kwenye mwembe. Maumivu yote ya maisha yangu ya utu uzima nayapima kwa mkono ule, na yake yote anayapima kwa siku zile mbili.

Naandika hili kama mwalimu wa Hisabati. Mita ya Tanga ndiyo mita ya Lushoto, maana kizio ni kimoja. Namba za maumivu hazina kizio. Ukinipa sita yangu ya leo na nne yangu ya wiki iliyopita, naweza kutoa na kujumlisha, ingawa kwa wasiwasi. Ukinipa sita yangu na nne ya Mama mdogo, sina ninachoweza kufanya nazo. Siwezi hata kusema ipi kubwa.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeshinda nyumbani na karatasi za kliniki. Daktari wa kwanza wa viungo aliyeniona Dar alinichunguza kwa utaratibu wa zamani, ule wa mwaka 1990 wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani: vituo 18 mwilini vinabonyezwa kwa kidole gumba kwa nguvu ya kilo 4 hivi, na ukiumia katika vituo 11 au zaidi, na maumivu yameenea mwilini kwa miezi mitatu angalau, basi unao. Nakumbuka nikijiuliza juu ya mwenye vituo 10.

Utaratibu ule uliwaacha wengi nje, hasa wanaume, kwa kuwa wanawake huumia mapema zaidi wakibonyezwa. Kwa hesabu zake, karibu wagonjwa wote walionekana kuwa wanawake. Mwaka 2010 kubonyeza kukaondolewa, na mwaka 2016 vigezo vikarekebishwa tena. Baada ya hapo pengo kati ya wanawake na wanaume likapungua sana. Namfikiria yule dereva wa lori niliyekaa naye benchi moja kliniki, mtu wa miraba minne, aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba kazini wanamwita mvivu. Nilimtazama mikono. Alikuwa anaifungua na kuifumba muda wote.

Fomu ya sasa ina sehemu mbili. Ya kwanza inaugawa mwili sehemu 19: taya mbili, mabega mawili, mikono juu na chini, nyonga, mapaja, miguu chini ya magoti, shingo, kifua, tumbo, mgongo wa juu na wa chini. Unaweka alama palipouma wiki iliyopita. Ya pili inauliza uchovu, kuamka bila kupumzika, na ukungu wa akili, kila kimoja kuanzia 0 hadi 3, kisha kichwa kuuma, tumbo la chini, na huzuni nzito, kila kimoja alama moja. Jumla 12. Anayehesabiwa mgonjwa ni mwenye sehemu 7 au zaidi na alama 5 au zaidi za upande wa pili. Au sehemu 4 hadi 6, lakini hapo alama za upande wa pili zifike 9. Na maumivu yaguse angalau kanda nne kati ya tano za mwili.

Nikachukua kalamu. Njia za kuchagua sehemu 7 kati ya 19 ni 50,388. Nikitoa zile zisizogusa kanda nne, bado zinabaki maelfu kwa maelfu, na hapo nimehesabu wenye saba kamili tu, sijawagusa wenye nane, wenye kumi na mbili, wala sijaingiza alama za upande wa pili. Wagonjwa wawili wanaweza kutoka kliniki na jina moja kwenye cheti huku mmoja anaumwa zaidi mwilini na akili yake iko wazi, mwenzake ana sehemu nne tu lakini hawezi kunyanyuka kwa uchovu. Huyo wa pili ni Mama mdogo. Wa kwanza, siku nyingi, ni mimi.

Nimefurahi na hesabu hii kupita kiasi. Imenipa kitu cha kumwonyesha mtu.

Jumatano, 22 Mei

Ukungu. Nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, jina la kitu ninachokifundisha miaka yote likanitoka. Nikaandika alama yake ubaoni wakalitaja wenyewe.

Mama mdogo hana hili kabisa. Anakumbuka deni la kila mtu wa mtaani na tarehe aliyokopa. Dereva wa lori analo, na ndilo analoliogopa kuliko maumivu yote. Aliniambia kuna siku alifika Segera hakumbuki kama alishapita Muheza. Kwangu ukungu ni aibu ya dakika moja. Kwake yeye ni roho za watu barabarani. Fomu ingetupa sote wawili mbili kati ya tatu.

Alhamisi, 30 Mei

Ofisini leo mmoja amesema, bila ubaya, kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu wenye nafasi. Nimemjibu kwamba madaktari wa Nairobi waliutafuta kwa wagonjwa wa kawaida wa nje katika hospitali ya Mbagathi, wakaukuta, wakachapisha mwaka 2011 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Alinyamaza, kisha akauliza kama shangazi yake anayetibiwa taifodi kila mwezi aende kupima. Nimemwambia aende, ila asiende na jibu mfukoni. Maumivu ya mwili mzima yanaweza kuwa tezi, yanaweza kuwa upungufu wa damu, yanaweza kuwa baridi yabisi yenyewe. Na mtu anaweza kuwa na baridi yabisi na fibromialgia kwa pamoja. Vigezo vya 2016 vinasema hivyo waziwazi.

Mimi nilipitia taifodi, yutiai, na malaria ya kipimo kisichoonyesha kitu. Kisha mahali fulani, daktari ambaye hakuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi akaniambia, “Vipimo safi. Unawaza sana.” Neno hilo lilinikaa muda mrefu. Lakini lililoniuma zaidi lilitoka kwa mgonjwa mwenzangu. Mama mmoja mwenye mkongojo, tuko foleni moja, akanitazama viatu vyangu vya kazini akasema, “Wewe yako ndogo, bado unafundisha.” Najua alikotoka na hilo. Amepiganishwa muda mrefu aaminiwe, na mtu aliyepiganishwa hivyo anaona kila anayesimama wima anampunguzia ushahidi. Lakini tukianza sisi wenyewe kupimana, daktari aliyesema vipimo safi hahitaji kusema tena.

Ningekuwa na nguvu siku ile ningemsimulia yale ya 2003. Marekani, Robert Coghill na wenzake waliwagusisha watu 17 wenye afya joto la nyuzi 49 mguuni. Joto lilelile kwa wote. Mmoja alitaja maumivu ya karibu 1 kati ya 10, mwingine karibu 9. Walipopigwa picha za ubongo, waliotaja namba kubwa sehemu kadhaa za ubongo wao zilikuwa zinafanya kazi kwa nguvu na mara nyingi zaidi kuliko za waliotaja ndogo. Hakuna aliyekuwa anajidekeza. Na hao ni wazima.

Mwaka mmoja kabla ya utafiti huo, Richard Gracely, Daniel Clauw na wenzao walibonyeza ukucha wa kidole gumba cha wagonjwa 16 wa fibromialgia na cha wazima 16. Mbonyezo mdogo kwa mgonjwa uliamsha ubongo karibu sawa na mbonyezo mkubwa zaidi kwa mzima. Kwa hiyo kamba ya sidiria inaponiuma, inauma. Uti wa mgongo na ubongo vinaikuza ishara kabla haijanifikia mimi ninayeishi humu.

Kila mmoja anakuziwa kwa kiasi chake. Kuna la kurithi: utafiti wa Lesley Arnold wa mwaka 2004 uliona ndugu wa karibu wa mwenye fibromialgia wana uwezekano wa kuwa nayo zaidi ya mara nane kuliko ndugu wa wenye baridi yabisi. Kuna ajali, kuna maambukizi, kuna miaka ya dhiki. Na tangu 2013 watafiti wa Ujerumani na Marekani wamekuwa wakichukua vipande vidogo vya ngozi ya wagonjwa na kukuta neva nyembamba zimepungua kwa karibu nusu yao. Nusu nyingine neva zao ziko kamili. Nimelisoma hilo nikaweka kitabu chini. Huenda jina hili moja limefunika zaidi ya ugonjwa mmoja, na mimi ninayewaka mikono na Mama mdogo anayekakamaa miguu hatumo katika nusu moja.

Jumanne, 11 Juni

Likizo. Nimetembea Raskazone alfajiri, mwendo wa polepole, nikarudi kabla jua halijawa kali. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa 2016 ulipopima tiba zote za fibromialgia, mazoezi peke yake ndiyo yaliyopewa pendekezo la nguvu. Dawa zote zilibaki chini yake. Mimi nakubali, kwa sharti la kuanza kidogo. Nikizidisha leo nalipa kesho kutwa.

Amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku, imenirudishia sehemu ya usingizi. Mama mdogo ilimkausha kinywa na kumlevya mpaka adhuhuri, akaiacha. Jirani yake kule alimshauri mafuta na kuchuliwa, anasema yanamsaidia. Mimi mtu akinichua napiga kelele.

Jumatatu, 17 Juni, Lushoto

Eid el-Haj. Nimepanda jana kwa basi, nikateremka nyonga zimeganda. Baridi ya kipupwe imeingia kweli huku. Mama mdogo ana sweta mbili na shuka juu. Ajabu ni kwamba mimi baridi hii imenipoza mikono.

Asubuhi tumeswali nyumbani kwa pamoja. Mimi kwenye kiti. Yeye, ambaye wiki nzima iliyopita hakutoka kitandani, amesujudu hadi chini, akainuka, akasujudu tena. Baadaye alinishika bega, taratibu, anajua pasipoguswa, akasema, “Leo imenipa ruhusa.”

Baada ya pilau tukakaa na daftari. Nilimwomba tuache namba kwanza, tuandike tunachoweza na tusichoweza, namba zije baadaye. Binti yake akawa anaandika.

Yangu: Mbili, nasuka nywele zangu mwenyewe. Nne, naandika ubaoni hadi usawa wa kichwa. Sita, naandika usawa wa kifua, madaftari nasahihisha kwa vituo. Nane, siwezi kuvumilia nguo ya kubana, navaa dera, sitoki. Tisa, nalia, na simu siipokei.

Yake: Moja, nateremka bondeni kuchuma maharage na kurudi. Mbili, napika nimekaa kwenye kigoda. Tatu, nakaa kibarazani, watu wananiona mzima. Nne, kitanda.

“Na tano?”

“Tano ni kitanda, na sitaki mtu aongee.”

“Sita?”

“Sita sijaiona.”

“Na juu yake?”

“Juu yake kuna uzazi, mwanangu, na huo ulishapita.”

Binti yake ameacha kalamu. Kwa muda wote ambao mama yake amekuwa akisema nne, kila mtu nyumbani amekuwa akisikia nne ya fomu ya hospitali, ile yenye uso usiocheka wala kulia. Dawa yake ilipunguzwa mara ya mwisho kwa sababu ya hiyo nne.

Tumekaa hapo mpaka chai. Mama mdogo akataka nimsomee orodha zote mbili upya, na niliposoma tisa yangu akasema, “Hii hukuniambia.” Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa naona si haki kutaja tisa mbele ya mtu aliyelala kitandani.

Alhamisi, 20 Juni, Tanga

Wiki ijayo kliniki, Dar. Mama mdogo hataweza. Basi la Lushoto hadi Dar ni siku nzima ya kukunja miguu, na ingemgharimu wiki. Daktari amekubali nimpelekee karatasi yake, kisha waongee kwa simu.

Ya kuuliza: Kama amitriptilini ilimlevya Mama mdogo, kuna kipimo kidogo zaidi, au aina nyingine? Mikono yangu inayowaka, kuna namna ya kujua kama ni zile neva nyembamba, na je, jibu litabadilisha dawa? Mazoezi ya mtu ambaye shida yake kubwa ni uchovu yaanzie wapi? Mimi nilianza na dakika chache za kutembea. Kwake huenda ni kukaa tu kibarazani kila siku, hata siku ya tatu inapoonekana mbali.

Karatasi ya Mama mdogo nimeinakili kwa herufi kubwa. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya jina la dawa na juu ya umri, nimeandika: “Nne ya huyu mama ni kitandani.” Binti yake amenitumia ujumbe jioni hii. Leo mama yake ni tatu, amekaa kibarazani anapukuchua mahindi, na ameuliza kama nimeshaifunga hiyo karatasi au bado kuna nafasi ya kuongeza habari za tumbo. Nimemwambia nafasi ipo.